Mgawo wa Waliobaki Besori

Katika mbio za njia za porini kuna mtu mmoja asiyeruhusiwa kumpita yeyote. Huanza nyuma ya wote, hukaa nyuma ya wote, na kazi yake haiishi mpaka mkimbiaji wa mwisho awe amevuka utepe. Akimkuta mtu ameketi juu ya jiwe ameshika kifundo cha mguu, naye husimama. Akimkuta ameinama kichakani anatapika, humshikia chupa ya maji na kungoja. Mara nyingi ni mtu mwenye mbio kuliko nusu ya waliomtangulia, lakini siku hiyo amekubali mwendo wake uamuliwe na mtu mwingine. Katika kikundi chetu cha kukimbia tunamwita mfunga msafara.

Wapendwa, juma hili naomba tukae na watu wa nyuma: huyo anayefunga msafara, na hao anaowafuata. Neno la Mungu linawataja mara nyingi kuliko tunavyosikia mimbarini.

Wengi wenu mnaijua Lewa, hifadhi iliyo kaskazini mwa Mlima Kenya, kusini mwa mji wa Isiolo. Tangu mwaka 2000, kwa kawaida Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Juni, wakimbiaji hukusanyika huko alfajiri. Njia ni mzunguko wa kilomita 21. Wa nusu marathoni huuzunguka mara moja, wa marathoni kamili mara mbili. Hakuna lami hata kidogo. Kuna vumbi, changarawe na mawe yaliyolegea, na vilima ambavyo ukiwa mbali huonekana vya kawaida mpaka uanze kuvipanda. Mahali penyewe pako juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pumzi ya mtu aliyesimama ufukweni Mombasa. Mbingu ikiwa safi, kusini unauona Mlima Kenya, na kaskazini unauona Ololokwe, mlima ambao Wasamburu wanauheshimu kama mahali patakatifu.

Halafu kuna wenye makao, yaani wanyama. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Lewa ilikuwa shamba la ng'ombe la familia ya Craig. Ni hapo ambapo Anna Merz, akishirikiana na familia hiyo, alianzisha hifadhi ndogo ya kuwaokoa waliobaki, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980. Leo wako vifaru weusi na weupe, na pamoja nao tembo, nyati, twiga na simba. Ndiyo maana siku ya mbio askari wa wanyamapori husimama kando ya njia na bunduki zao, na helikopta huzunguka juu kuhakikisha hakuna mnyama anayeukaribia mstari wa watu. Fedha zinazochangwa huenda kwa uhifadhi, na pia kwa shule, zahanati na miradi ya maji ya vijiji jirani. Naliona hilo kuwa jambo la heshima, kwamba mtu atoke jasho kwa ajili ya kiumbe ambaye hatamlipa kitu.

Mimi hukimbia kwa ajili ya afya na furaha, na mahali pangu katika mbio hizo ni nyuma ya katikati, pamoja na walimu, wauguzi, wafanyabiashara, akina mama waliolea watoto na sasa wamepata nafasi ya kuilea miili yao. Kutoka hapo mtu huona mambo ambayo picha za magazeti hazionyeshi.

Anayeshinda nusu marathoni ya Lewa humaliza kwa zaidi kidogo ya saa moja. Hewa bado ina ubaridi wa usiku na meza za maji zimejaa. Anayemaliza mwisho anaweza kuchukua saa tatu au zaidi. Umbali ni uleule, lakini siku si ileile. Yeye hupanda vilima vya mwisho jua likiwa limepanda, juu ya vumbi lililopondwa na mamia ya miguu, na kwa kuwa hatua zake ni fupi, amepiga hatua nyingi zaidi kuliko mshindi. Katika mbio nyingine, mbali na Lewa, nimeona wa mwisho wakifika kituo cha maji na kukuta meza imekunjwa, vijana wa kugawa maji wameshapanda pikapu. Bilauri zilizotupwa zilikuwa chini, na maji yalikuwa yameondoka. Tunamsifu wa kwanza kwa uvumilivu wake, na anastahili. Lakini aliyekaa muda mrefu zaidi ndani ya taabu ile ni yule ambaye hakuna aliyebaki kumpigia makofi.

Mwili una taratibu zake, na njia ya milima hukufundisha kuzitii. Mwinuko ukiwa mkali, kutembea kwa nguvu, mikono juu ya mapaja, hugharimu kidogo kuliko kujilazimisha kukimbia kwa kasi ileile. Wakimbiaji hodari wa milimani hutembea, tena bila aibu. Kwenye mteremko, ambako mgeni hudhani atapumzika, ndiko misuli ya mapaja inakoumia zaidi, kwa sababu inavutwa huku inajaribu kuzuia uzito wa mwili. Maumivu yake huja kesho yake na keshokutwa. Macho huangalia hatua tatu nne mbele, si kwenye kidole cha mguu. Haya yote mtu hujifunza kwa kukaa karibu na waliotangulia. Lakini anayeanza, anapolazimika kutembea huku wengine wakimpita, hupatwa na aibu, na aibu hiyo humdhuru kuliko kilima. Humfanya aseme hana kiu wakati midomo imekauka. Humfanya afiche goti linalouma. Humfanya ajitenge kidogo, kisha kidogo tena, mpaka yuko peke yake kichakani na hakuna anayejua.

Wafugaji wa Isiolo na Samburu hawahitaji kuelezwa hatari ya jambo hilo. Simba hamrukii dume aliye katikati ya kundi. Humngoja anayechechemea, mzee, ndama aliyeachana na mama yake. Ndiyo sababu kijana wa malisho hutembea nyuma ya mbuzi wake na fimbo mkononi.

Israeli nao walikuwa msafara wa wafugaji. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Musa anawakumbusha walivyotendewa na Amaleki walipotoka Misri. Amaleki hakuwakabili kwa mbele, walikokuwa wenye nguvu. Aliwavizia nyuma, akawashambulia waliodhoofika, wakati taifa zima limechoka na halina nguvu. Kisha Musa anataja shina la uovu huo, kwamba Amaleki hakumcha Mungu. Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Musa angeweza kumshtaki Amaleki kwa kuabudu miungu mingine, au kwa wivu wa ardhi. Alichokitaja ni namna alivyowatendea watu wa mwisho, na hapo ndipo alipoonyesha kwamba mtu huyu hana hofu ya Mungu.

Tazameni basi jinsi Mungu mwenyewe alivyoupanga msafara. Katika Hesabu, sura ya 10, Yuda anatangulia, na nyuma ya kambi zote anawekwa Dani awe mlinzi. Mkirudi kwenye hesabu ya makabila katika sura ya kwanza mtaona Dani alikuwa na wanaume wa vita 62,700, wa pili kwa wingi baada ya Yuda. Hawakuwekwa nyuma kwa kuwa hawakufaa penginepo. Nguvu ya pili kwa ukubwa katika taifa lote iliwekwa mahali ambapo wazee, wagonjwa na wenye mimba walikuwa wakibaki. Na usiku ule kando ya bahari, majeshi ya Farao yalipowakaribia, malaika wa Mungu na nguzo ya wingu, waliozoea kutangulia, walihamia nyuma. Mungu aliyewaongoza njia alikwenda kusimama walipo wa mwisho.

Vizazi vingi baadaye Amaleki anarudi, na tabia yake ni ileile. Kisa kimo katika 1 Samweli, sura ya 30. Nawaomba mkisome chote nyumbani, kwa sauti, watoto wakisikia.

Daudi na watu wake 600 wanafika Siklagi siku ya tatu, wakitoka Afeki. Wanakuta mji umeteketezwa, wake zao na watoto wao wamechukuliwa mateka. Wanalia mpaka nguvu za kulia zinawaishia. Wengine wanasema Daudi apigwe mawe. Yeye anajitia nguvu katika Bwana, anamwita kuhani Abiathari, anauliza kama awafuatie maadui, na anajibiwa aende. Wanaondoka wote 600. Wanafika kijito cha Besori, na hapo watu 200 wanashindwa kuvuka.

Theluthi nzima ya jeshi. Maandiko hayawaiti waoga, yanasema walikuwa wamechoka mno. Hao walikuwa watu wa vita, nao walikuwa wamenyang'anywa wake na watoto kama wenzao, kwa hiyo hamu ya kuvuka walikuwa nayo. Miguu ndiyo iliyokataa. Mtu aliyefika kilomita ya 17 kwenye njia ya vilima anaijua hali hiyo, moyo unaposema twende na paja halisikii tena. Si jambo la imani kupungua. Ni udongo tulioumbwa nao ukifika mwisho wake. Daudi hawakemei, wala hawaulizi nani atamwokoa mke wake. Anawaacha na mizigo, anaendelea na 400.

Huko mbele, kondeni, wanamkuta kijana Mmisri ameanguka. Ni mtumwa wa Mwamaleki. Aliugua, na bwana wake akamwacha hapo. Siku tatu mchana na usiku hajala wala kunywa maji. Zamani Amaleki aliwaua watu wa nyuma wa taifa jingine, na sasa anamtupa mtu wa nyuma wa msafara wake mwenyewe. Asiyemcha Mungu hatofautishi wa kwake na wa mwingine, mradi mtu amekuwa mzigo.

Fikirini haraka aliyokuwa nayo Daudi. Wake zake wawili, Ahinoamu na Abigaili, wako mikononi mwa maadui, na kila saa inayopita inawapeleka mbali zaidi. Watu wake nusura wampige mawe. Lakini anasimama kwa ajili ya mtumwa wa adui. Kijana anapewa mkate, anapewa maji, kisha kipande cha tini zilizoshindiliwa na vishada viwili vya zabibu kavu, na roho yake inamrudia. Meza za vituo vya njia za porini leo zina ndizi, tende na vipande vya machungwa kwa sababu ileile. Sukari ya matunda huingia damuni upesi na mtu aliyezimika huona tena mbele. Lakini angalieni mfuatano wa mambo, maana ndani yake mna uchungaji mwingi. Wanamlisha kwanza. Ndipo Daudi anamuuliza yeye ni wa nani na ametoka wapi. Sisi mara nyingi huanza na maswali, na chakula hufuata kama majibu yametupendeza.

Kijana yule ndiye aliyejua njia. Aliwaongoza moja kwa moja mpaka kwenye kambi ya maadui waliokuwa wametawanyika wakila na kunywa, na Daudi akawapata wote waliotekwa, wadogo kwa wakubwa. Bila mgonjwa aliyeachwa kondeni, 400 wale wangekuwa bado wanatafuta nyayo mchangani.

Kisha wanarudi Besori. Wale 200 wanatoka kuwalaki, na hapo Maandiko yanaandika jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita. Daudi alipowakaribia, aliwasalimu. Mshindi ndiye anayewajulia hali walioshindwa kuvuka. Nadhani walihitaji salamu ile kabla ya kitu kingine chochote. Mtu aliyebaki nyuma huwatazama nyuso wanaorudi, akitafuta kujua kama bado ni mmoja wao.

Waliokuwa na maneno walikuwepo. Wakasema hawa 200 hawakwenda nasi, kila mmoja apewe mke wake na watoto wake, aondoke, nyara ni zetu. Hoja yao inasikika kama ya haki, na ingepita katika kamati nyingi. Daudi anaikataa, na anawaita ndugu huku akiwakatalia. Vitu hivi, anawaambia, Bwana ndiye aliyetupa na ndiye aliyetulinda. Basi mgawo wa aliyeshuka vitani na wa aliyelinda mizigo uwe sawa. Na tangu siku hiyo ikawa sheria katika Israeli. Daudi hakutaka jambo hili litegemee ukarimu wa mtu na hali ya moyo wake siku hiyo. Alilitia katika sheria.

Katika nusu marathoni kuna kitu kinachokaribia sheria hiyo. Aliyemaliza kwa saa moja na dakika chache na aliyemaliza kwa saa tatu na nusu huvalishwa medali ileile, yenye uzito uleule, kwa utepe wa rangi ileile. Zawadi za fedha ni za washindi na ni haki yao, kwa kuwa kwa wengi wao hiyo ni kazi na ni ada ya shule ya watoto. Nimesikia watu wakilalamika kwamba medali ya kila mmoja haina thamani. Sikubaliani nao. Nimemwona mama akiipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea sakramenti, na sikuona kitu kilichopungukiwa thamani.

Lakini hapa Ufalme wa Mungu unaachana na mbio, na lazima tuseme hivyo waziwazi. Asiyevuka utepe hapewi medali, wala sidai apewe, maana mbio ni mbio. Wale 200 hawakuvuka, na wakapewa mgawo. Neema imekwenda kilomita ambayo hakuna mashindano yanayoweza kwenda.

Najua mtaniuliza juu ya Paulo. Aliwaandikia Wakorintho kwamba wanaopiga mbio uwanjani ni wengi na anayepokea tuzo ni mmoja. Wasomaji wake waliishi karibu na uwanja wa Isthmia, ambako michezo mikubwa ilifanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivishwa taji la majani lililokauka upesi. Walimwelewa mara moja. Paulo alitaka wajue gharama ya kujitawala, ya kuunyima mwili anasa kwa ajili ya lengo, na kila aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi kwenye baridi ya Timau atamwitikia amina. Alichosifu ni bidii. Hakuwaambia Wakorintho wakanyagane ili mmoja tu afike mbinguni, na mwishoni mwa barua yake ya pili kwa Timotheo anasema taji alilowekewa si lake peke yake.

Kifungu kingine tunachokipenda ni Waebrania 12. Tunakisoma kwenye mahafali na kwenye mazishi, wingu la mashahidi, mbio zilizowekwa mbele yetu, macho kwa Yesu. Tunafunga kitabu kwenye mstari wa pili au wa tatu. Endeleeni mpaka wa 12 na wa 13. Mwandishi anaona mikono iliyochoka na magoti yanayotetemeka, na anaagiza njia isawazishwe ili mguu mbovu usizidi kuteguka, bali upate kupona. Katikati ya mafundisho ya mbio amemkumbuka kiwete. Yuko humo njiani pamoja na wengine, na njia yenyewe inatakiwa itengenezwe ikimfikiria yeye.

Katika njia za porini tunayo desturi inayofanana na agizo hilo. Wa mbele akiona jiwe lililolegea au shimo la mhanga lililofichwa na majani, hupaza sauti: shimo! Wa pili naye hurudia, na wa tatu, na neno linarudi nyuma mdomo kwa mdomo mpaka limfikie ambaye hawezi kumwona aliyelianzisha. Haigharimu chochote ila pumzi, na pumzi katika mita 1,700 si kitu cha bure. Natamani kanisa letu lijifunze hilo. Wako kati yetu waliovuka ulevi na hawasemi. Wako waliochukua mikopo ya simu hii ili kulipa ile mpaka wakauza ng'ombe, na vijana wetu wanaingia shimo lilelile kila mwezi kwa kuwa aliyetangulia alinyamaza. Ushuhuda si lazima uwe wa ushindi. Unaweza kuwa neno moja linalorudishwa nyuma kwa aliye nawe njia moja.

Na wa nyuma wetu ni nani? Nitawataja kwa hali, si kwa majina. Kuna mama mwenye mtoto ambaye hawezi kutulia kimya, naye ameombwa kwa upole, mara nyingi mno, akae nje na mtoto wake, na sasa haji. Kuna baba aliyepoteza kazi, akaacha ibada kwa sababu siku za michango tunasoma orodha ya waliotoa na jina lake halimo. Kuna mjane ambaye nyumba yake ilijaa watu wiki ya matanga, na baada ya udongo kukauka akabaki na viti vya kukodi vya kurudisha. Kuna mabinti wanaowatunza wazazi waliopooza, ambao hata Jumapili hawana wa kumwachia mgonjwa. Hao si waasi. Wako Besori, wamekaa kando ya maji wakilinda mizigo yetu, na mzazi aliyepooza ni mzigo wa kanisa zima ambao binti mmoja ameubeba.

Yakobo alipokutana na Esau baada ya miaka 20 ya kutengana, Esau alitaka waende pamoja kwa mwendo wake, yeye na watu wake 400. Yakobo alimjibu kwamba watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, na kwamba ukiwakimbiza siku moja tu kundi lote litakufa. Yeye atakuja polepole, kwa mwendo wa mifugo na wa watoto. Ni kweli alikuwa pia na sababu za kutomfuata kaka yake mpaka Seiri, na akaishia Sukothi. Hata hivyo aliyoyasema juu ya kundi yalikuwa maarifa ya mfugaji aliyelala nje na wanyama kwa miaka mingi. Mwendo wa kundi ni mwendo ambao ndama anauweza.

Kwenu mnaosoma haya mkiwa nyuma, mmechoka, na pengine mmeona aibu ya kurudi: njia mliyomo ni njia yenyewe. Kutembea kwenye kilima ni sehemu ya mbio. Kunywa maji unapopewa. Kusema unapoumia. Kukaa chini kidogo si kuacha mbio. Mgawo wako uliwekwa katika sheria kabla hujazaliwa, na aliyeutangaza alikuwa mfalme mtarajiwa mwenye vumbi la safari miguuni.

Baraza la wazee limekubali mambo mawili kuanzia Jumapili ijayo. Orodha za michango hazitasomwa tena madhabahuni, na anayetaka kujua hesabu atazipata kwa mhazini. Na ile safu ya pili ya viti upande wa kulia, karibu na mlango, ni ya familia zenye watoto wanaohitaji kutembeatembea wakati wa ibada. Mtoto akipiga kelele, mhubiri ataongeza sauti.

Wazee wa vikundi, nawaomba kabla ya Ijumaa mniletee majina ya wote ambao hamjawaona tangu Pasaka. Tutagawana nyumba wawili wawili. Mchukue unga, sukari na majani ya chai, na anayeweza abebe maziwa. Mkifika, salimuni, jueni hali ya mgonjwa na ya watoto, na swali la kwa nini hawaji kanisani msiliulize siku hiyo. Mkikaribishwa chai, kaeni mnywe. Palipo na mgonjwa wa kulala kitandani, mmoja wenu akubali kurudi Jumapili asubuhi akae naye, ili aliyemtunza wiki nzima apate kuja kuabudu, au apate kulala, kama usingizi ndio anaouhitaji zaidi.